Shajara ya mradi: salfa ya chunusi, kutoka mche wa sabuni hadi chupa ya losheni

Januari, kaskazi imekaza

Lengo kama tulivyokubaliana: sabuni ya mche yenye salfa kwa watu wenye chunusi, itengenezwe hapahapa Tanga kwa mafuta ya nazi ya Pangani, na karatasi yake isiseme uongo. Hilo la karatasi ndilo wifi yangu analolitilia mkazo. Yeye ni mfamasia, mimi ni mtengeneza sabuni. Humu nikiandika "tumeamua" ni sisi wawili. Nikiandika "imekataliwa" ni yeye peke yake.

Kwa nini salfa? Inapatikana na bei yake haiumizi. Tena ni dawa ya siku nyingi, madhara yake yanajulikana: ngozi kukauka, kuwasha kidogo, na harufu. Marekani inaruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari kwa ajili ya chunusi, kiwango kikiwa kati ya asilimia 3 na 10, na Clearasil ilipoanza kuuzwa huko mwaka 1950 ilikuwa na salfa na resosinoli, dawa nyingine ya kupakwa, ndani yake.

Hapa Tanga hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Mwenye maradhi ya ngozi yasiyoisha tangu zamani huambiwa akaoge kwenye chemchemi za Galanos, upande wa Amboni, ambako maji yanatoka vuguvugu na yananuka yai viza. Mama mkwe anasema maji yale ukiyabeba kwenye dumu hayafiki nyumbani na kitu. Wifi hakumbishia. Harufu ile ni gesi ya hidrojeni salfaidi; dumu likitikiswa njia nzima na kufunguliwafunguliwa, gesi imeshakwenda zake na kilichobaki ni maji ya chumvichumvi.

Gesi hiyohiyo ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi usoni. Chunusi inaanza kinyweleo kinapoziba: homoni, hasa za balehe, zinachochea tezi zitoe mafuta mengi, seli zilizokufa zinagandana mdomoni mwa kinyweleo, mafuta yanakwama ndani, bakteria waitwao Cutibacterium acnes wanastawi humo, kisha ngozi inavimba. Salfa ikipakwa inakutana na sisteini, kijenzi cha protini kilichomo kwenye seli za juu za ngozi, inazaliwa hidrojeni salfaidi kidogo, nayo inalegeza keratini, protini ngumu inayozishikamanisha seli hizo. Kifuniko kinalegea. Juu ya hapo salfa inawapunguza bakteria, ingawa si kwa nguvu ya kujivunia. Na chembe zake zikiwa ndogo zaidi inafanya kazi vizuri zaidi, maana inayogusana na ngozi ni nyingi. Hili la ukubwa wa chembe litarudi.

Januari, mwisho wa mwezi

Jamaa aliyetoka Masasi ameniletea salfa ya bure kwenye mfuko wa rambo. Ni ile wanayopulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, inayokuja kwenye mifuko ya kilo 25. Rangi nzuri ya njano, unga mlaini, nami nilishaanza kupiga hesabu ya faida.

Imekataliwa. Salfa ya shamba imetengenezwa ishike kwenye jani na ipite vizuri kwenye mashine ya kupulizia, hivyo inaweza kuwa imechanganywa na vitu vya kuizuia isigande, na hakuna aliyeipima kwa ajili ya uso wa mtu. Ya dawa inapimwa uchafu, arseniki ikiwemo. Aliyewahi kupuliza korosho bila miwani anajua pia macho yanavyowaka. Najua wapo wanaoichota hiyohiyo, wakaichanganya na mafuta ya mgando na kuiuza kwenye vikopo. Sitafanya.

Za dawa ziko aina mbili. Moja ni ile iliyopatikana kwa kugeuza salfa kuwa mvuke na kuipoza, wazee wa famasi waliiita maua ya salfa. Ya pili inachemshwa na chokaa hadi iyeyuke, kisha inaangushwa kwa asidi. Hii inatoka nyeupenyeupe na laini zaidi kuliko ya kwanza. Tumeamua hii ya pili, kwa sababu ya ule ukubwa wa chembe.

Februari

Jikoni. Sabuni ya baridi ya kawaida: mafuta ya nazi, mawese kidogo kutoka Kigoma, kostiki (kemikali kali inayoyageuza mafuta kuwa sabuni), maji. Nimetia kostiki kidogo chini ya hesabu ili asilimia 5 ya mafuta ibaki bila kugeuka sabuni, kama kawaida yangu.

Salfa na kostiki ya moto haviivani. Ukiitia kwenye maji ya kostiki, inaanza kuyeyuka na kugeuka polisalfaidi. Maji yanakuwa rangi ya chungwa, halafu kahawia, na harufu inatoka mpaka jirani anaita kuuliza kama kuna choo kimefurika. Tulilijua hili kabla, tukafanya kwenye kikombe kimoja nje ya nyumba ili nilione kwa macho. Kuitia mwishoni, uji wa sabuni unapoanza kushika, ni afadhali, lakini sabuni ile inaendelea kupata joto ndani ya kasha, na baada ya wiki kadhaa miche ikatoka na mabaka ya kahawia katikati.

Njia iliyotulia ni hii: tengeneza sabuni nyeupe isiyo na kitu, iache ikomae, ikune kwa kikunio, changanya salfa na gliserini hadi iwe uji mzito, ukande pamoja na sabuni iliyokunwa, bana kwenye kasha. Gliserini ni lazima. Salfa haipendani na maji. Uikoroge utakavyo, inaelea juu kama pumba. Ukiilowesha na gliserini kwanza inakubali.

Tahadhari ya vyombo: bakuli la plastiki au kaure, mwiko wa mti. Shaba na fedha vinageuka vyeusi. Bangili ya fedha ya wifi, aliyoivaa siku ya kukanda, imekuwa rangi ya masizi.

Machi, mvua za kwanza

Miche imetoka mizuri. Njano hafifu, haina mabaka, harufu ni ya kiberiti tu na inavumilika. Nikampelekea wifi nikiwa nimetabasamu hadi gego la mwisho. Akanawa mikono, akanawa uso, akajifuta, akaniuliza: "Wifi, salfa yako imekaa usoni kwangu muda gani?"

Sekunde chache. Povu, suuza, kwisha.

Tukakaa barazani tukalizungumza hadi maghribi. Salfa haiyeyuki majini, kwa hiyo sehemu kubwa yake inaondoka na povu. Inayobaki haina muda wa kufanya ile kazi ya kulegeza kifuniko. Isitoshe sabuni halisi, hata iliyokomaa, iko kwenye pH (kipimo cha uchachu) ya 9 hadi 10, wakati ngozi yenye afya iko karibu na 5. Mwenye chunusi anayenawa sabuni mara nyingi kwa siku anaikausha ngozi yake, na chunusi ziko palepale. Kuongeza salfa kutoka asilimia 5 hadi 10 hakubadilishi jambo ikiwa yote inaishia kwenye bomba la maji machafu.

Sabuni si bure. Mgongoni na kifuani, mahali ambapo mtu anaweza kujipaka povu zito, akaliacha dakika tano huku anasugua miguu, pengine inasaidia. Ila kuiandika "sabuni ya chunusi" na kuifanya ndiyo mradi wenyewe, hapana. Safari hii nimeikataa mimi.

Mradi unahamia kwenye kitu kinachopakwa na kuachwa.

Aprili

Mafuta ya mgando yenye salfa yapo tangu zamani kwa ajili ya upele wa kuambukiza, asilimia 5 hadi 10, na kwa hilo yanafaa hata kwa watoto wachanga na wajawazito. Lakini kumpaka mafuta mazito mtu ambaye shida yake ni mafuta! Mafuta ya nazi, ninayoyapenda na ndiyo riziki yangu, nayo hayafai hapa. Ni katika yale yanayoziba vinyweleo. Inatakiwa losheni ya maji.

Wifi amekuja na wazo ambalo lilikuwa mbele ya macho yetu kwenye rafu ya kila duka la dawa: losheni ya kalamini, ile ya waridi ya tetekuwanga. Mpangilio wake wa kifamasia wa Kiingereza uko hivi kwa kila mililita 100: kalamini gramu 15, zinki oksaidi 5, bentonaiti (udongo laini unaoshikilia unga majini) 3, sodiamu sitreti nusu gramu, gliserini 5, fenoli nusu, maji ya kutosheleza. Vyote vipo. Tunatoa fenoli na kuweka kihifadhi kingine, tunatia salfa gramu 5 iliyolowa kwenye ileile gliserini. Zinki ina faida ya pembeni: inaishika hidrojeni salfaidi na kuigeuza zinki salfaidi, hivyo harufu inapungua.

Resosinoli tumeiacha. Huko Marekani inaruhusiwa pamoja na salfa, asilimia 2, lakini inaweza kuacha alama nyeusi kwenye ngozi nyeusi, na kwa wateja wetu doa jeusi linalobaki baada ya chunusi ndilo linalowaliza kuliko chunusi yenyewe. Kumtibu mtu kipele huku unamwachia doa ni kumwongezea deni.

Kalamini tumeipunguza karibu nusu. Kwa kipimo kamili mtu mweusi anaonekana kama bibi harusi aliyepakwa liwa.

Aprili, baada ya wiki ya mvua

Salfa inatuama chini ya chupa, na hilo halizuiliki. Swali ni kama inarudi ukitikisa au inaganda kama saruji. Bentonaiti ikiloweshwa usiku kucha kabla ya kuchanganywa inashika vizuri. Ikitiwa kavu inafanya madonge. Kusaga kwenye kinu cha kaure hadi mkono ukatae ndiko kunakoamua. Hakuna njia ya mkato tuliyoipata.

Mei

Kabla ya kumpaka mtu yeyote, wifi alinieleza historia moja. Mwaka 1972 watafiti wa ngozi wa Marekani, Mills na Kligman, waliandika kwamba salfa yenyewe inaweza kuzibisha vinyweleo, yaani inaleta kile inachodaiwa kuondoa. Mwaka 1978 Strauss na wenzake wakalipima upya wasilione hilo. Tangu hapo salfa imebaki kwenye nafasi yake ya katikati: inasaidia chunusi nyepesi, haifikii dawa za chunusi kama benzoili peroksaidi na adapalini kwa ushahidi, na haifai kitu kwa mabonge makubwa yanayouma chini ya ngozi. Kligman huyo ndiye aliyefanya majaribio ya ngozi juu ya wafungwa wa gereza la Holmesburg, Philadelphia, kwa miaka mingi. Kwa hiyo kwetu sharti likawa: watu wazima tu, wanaojua ni nini wanapaka, wanaoweza kuacha siku yoyote bila kutuomba radhi, na daktari wa ngozi awaone kwanza.

Utaratibu: kujaribu nyuma ya taya siku mbili. Kisha usoni, jioni, uso ukiwa umenawiwa na maji tu au sabuni laini. Dakika kumi, suuza, paka losheni nyepesi ya kulainisha. Siku moja ndiyo, siku moja hapana, hadi ngozi izoee. Asubuhi, dawa ya kuzuia jua kwa anayeimudu. Kofia kwa asiyeimudu.

Mambo mawili yametushika mwezi mzima, na yote mawili ni ya maswali tuliyowauliza watu kabla ya kuwapa chupa.

La kwanza ni aleji. Kila aliyewahi kuvimba au kubabuka kwa Septrini, au kwa zile SP za malaria wanazopewa wajawazito kliniki, ameandikiwa kwenye daftari lake "aleji ya salfa". Akiona salfa kwenye chupa yetu anakimbia, na nani atamlaumu? Lakini dawa zile ni salfonamidi, molekuli nyingine kabisa. Salfa ya unga ni elementi tupu, ileile ambayo kwenye kitunguu na yai imo ikiwa imeungana na elementi nyingine. Mwenye aleji ya Septrini anaweza kupaka salfa. Angalizo: ziko dawa za chunusi, nyingi za Marekani, zinazochanganya salfa asilimia 5 na sodiamu salfasetamaidi asilimia 10. Hiyo ya pili ni salfonamidi, na hapo aliyeandikiwa aleji asiguse. Wifi anataka hili lielezwe kwa mdomo kila mara, karatasi isitegemewe.

La pili ni mkorogo. Dada mmoja amekuja uso umejaa vipele vidogo vya saizi moja, vyote vimetokea pamoja, mashavu yanang'aa, vifundo vya vidole vimebaki vyeusi. Daktari hakuhitaji kuuliza mara mbili. Krimu za kujichubua nyingi zina steroidi kali, na steroidi usoni huleta chunusi za namna hiyo. Nyingine zina zebaki. Zebaki na salfa zikikutana kwenye ngozi zinaweza kutoa gesi ya harufu mbaya, zikawasha, na kuitia ngozi weusi. Hakupewa chupa. Amepangiwa namna ya kuiacha ile krimu taratibu chini ya uangalizi, maana akiikata ghafla uso unaripuka. Alilia kidogo, halafu akasema shangazi yake anatumia ileile na hana kipele hata kimoja. Wifi akamwambia, "Mwanangu, shangazi yako ana miaka hamsini na tano, mafuta ya uso wake yalishakwisha kitambo."

Tangu siku hiyo swali la mkorogo linaulizwa kabla ya jina.

Juni na Julai

Wanaoendelea ni vijana wachache wa mtaani na mama mmoja mjamzito ambaye daktari wake amemzuia dawa zote za jamii ya vitamini A, salfa ameruhusiwa.

Mwezi wa kwanza karibu wote walilalamikia kupauka. Mmoja alipaka akalala nayo usiku kucha akidhani dakika kumi ni ubahili wetu. Akaamka na ngozi inayobanduka pembeni mwa pua, tukampumzisha. Dereva bodaboda anasema ni vumbi, si chunusi, na anaweza kuwa na hoja. Mwingine chunusi zake, kumbe, si chunusi: ni vipele vya kunyoa, ndevu zinazojikunja na kurudi ndani ya ngozi. Dawa ya hizo ni kuzungumza na kinyozi.

Kuanzia wiki ya nane hivi, vile vidogo vyenye kichwa cheusi na cheupe vimepungua kwa wengi wao, na paji la uso limekuwa kavu zaidi. Vile vyekundu vinavyouma vimepungua kidogo. Madoa hayakuguswa, na hatukuahidi. Msichana wa saluni ndiye aliyepata nafuu kubwa kuliko wote, na ndiye pia aliyeacha kupaka mafuta ya nywele yanayomtiririkia kwenye paji. Sijui nimpe sifa nani, losheni au kitambaa alichoanza kujifunga.

Harufu inawasumbua wanaume kuliko wanawake. Sikutegemea.

Agosti, kusi

Tatizo la hesabu yetu: tulianza kuwapaka watu mwezi Mei, joto likishuka. Kusi ikivuma kila mtu wa Tanga uso wake unatoa mafuta kidogo na jasho kidogo. Sehemu ya nafuu tuliyoiona ni ya upepo. Tutarudia Desemba, kaskazi ikirudi, tena safari hii nusu ya watu wapate losheni hiyohiyo bila salfa. Harufu itatuumbua, hivyo wifi anatafuta namna ya kuifanya ile isiyo na salfa inuke kidogo. Ni mara ya kwanza katika kazi yangu naambiwa nitafute uvundo.

Kuhusu kuuza. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, na TMDA, mamlaka ya dawa, imebaki na dawa na vifaa tiba. Ukiandika kwenye chupa kwamba inatibu chunusi umeingia upande wa dawa, na uso wa chupa hautakiwi kusema zaidi ya mafaili yaliyo nyuma yake. Hatuna mafaili hayo na kwa mtaji huu hatutakuwa nayo karibuni. Uamuzi: losheni haitauzwa dukani kwangu. Wifi ataichanganya famasi, chupa kwa chupa, kwa cheti cha daktari wa ngozi, kama mafamasia walivyochanganya dawa za ngozi miaka yote. Kituo cha mafunzo ya ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi, kilianza kutengeneza chenyewe dawa ya kuzuia jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kuchanganya vizuri, kwa ajili ya ngozi zetu, ni jambo linalowezekana nchini. Mimi nitatengeneza sabuni nyeupe isiyo na salfa wala manukato ya kwenda nayo, na mche wa salfa wa mgongoni, ambao karatasi yake itasema "sabuni yenye salfa, kwa ngozi ya mafuta" na si neno zaidi.

Yaliyobaki mezani: chupa zilizohifadhiwa tangu Mei kwenye kabati la joto zimeanza kuganda chini, zile za kwenye baraza la kivuli bado zinatikisika. Tunajaribu kupunguza salfa hadi asilimia 4 na kuongeza bentonaiti kidogo. Vifuniko vya bati vimeota kutu ya rangi nyeusi kwa ndani, kwa hiyo vinabadilishwa vyote kuwa vya plastiki. Karatasi ya maelekezo inaandikwa upya, na sentensi ya kwanza itakuwa ile ya dakika kumi.